Mbegu Iliyo Chakula: Kufundisha Kilimo cha Vitunguu vya Mafungu katika Sehemu Kame

Mwalimu mwanafunzi apelekwapo kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule ya sehemu kame, aghalabu hukuta nyuma ya madarasa kipande cha ardhi kilichozungushiwa miiba, na ndani yake hamna kitu. Akiuliza, huambiwa kwamba hiyo ni bustani ya shule, na kwamba mwaka huu mvua hazikutosha. Akiuliza habari za mwaka uliopita, hujibiwa vivyo hivyo. Tangu Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, shamba la shule limehesabiwa kuwa sehemu ya masomo. Lakini bustani isiyoota kitu hufundisha jambo moja tu, nalo ni kwamba kilimo kiongozwacho na mwalimu hakina maana. Afadhali shule isiwe na bustani kuliko kuwa na bustani ya namna hiyo.

Makala haya yanahusu zao moja dogo ambalo tumelitumia pamoja na wanachuo wetu kuifufua bustani kama hiyo, yaani vitunguu vya mafungu. Hatulisifu zao hili kwa sababu litaitajirisha shule, halitaitajirisha. Twalisifu kwa sababu katika muda usiozidi miezi mitatu, kwenye tuta lisilopita sana ukubwa wa mkeka wa kulalia, humletea mtoto maswali ya sayansi, ya hesabu na ya nyumbani kwao kwa wakati mmoja. Na swali moja kati ya hayo, ambalo tutalifikia, ni gumu hata kwa watu wazima.

Zao lenyewe

Katika masoko yetu kila kitunguu kidogo chekundu huitwa kitunguu tu, na wenye maduka ya mijini husema shaloti. Humu tutaviita vitunguu vya mafungu, kwa kuwa ukipanda kimoja huvuna fungu zima: vitatu, vitano, pengine hata kumi, vilivyoshikana kitakoni kama vidole vya mkono. Zamani wataalamu wa mimea waliviona kuwa ni mmea wa peke yake, wakauita Allium ascalonicum kwa kufuata jina la mji wa kale wa Askaloni. Siku hizi wanavihesabu kuwa ni kundi tu ndani ya Allium cepa, yaani ni ndugu wa karibu kabisa wa kitunguu maji tunachokijua.

Lakini tabia zao shambani ni mbali. Kitunguu maji, kama kile cha Mang'ola, Singida au Ruaha Mbuyuni, huanzia katika mbegu ndogo nyeusi. Mbegu husiwa kitaluni, miche hukaa humo wiki sita hadi nane, kisha huhamishiwa shambani. Na kutoka siku ya kusia hadi siku ya kuvuna hupita miezi mitano hivi. Kitunguu cha mafungu hakina safari ndefu kama hiyo. Hupandwa chenyewe, kizima, na baada ya siku 60 hadi 90, kwa kutegemea aina na joto la mahali, majani yake hulala na fungu huwa tayari.

Hapo ndipo penye faida kwa mahali penye hali ya hewa ya taabu. Mche utokao katika mbegu nyeusi huanza maisha bila akiba, na jua la siku tatu laweza kuumaliza. Mche utokao katika kitunguu huzaliwa ukiwa na ghala lake la chakula na maji. Mvua za Dodoma huanza Desemba na kwisha Aprili, na kwa mwaka mzima ni kiasi cha milimita 550 hadi 600. Tena mara nyingi hukatika katikati ya msimu kwa majuma kadhaa. Zao la miezi mitano halina nafasi hapo bila umwagiliaji. Zao la siku 80 lina nafasi, ingawa ni finyu.

Ziko sababu nyingine mbili ambazo yafaa mwalimu azijue hata asipowaeleza watoto zote. Kwanza, kitunguu hakitoi maua na mbegu vizuri mpaka kipate majuma kadhaa ya baridi. Katika nyanda za joto baridi hiyo haitoshi, hivyo mkulima wa kitunguu maji humtegemea mwuza mbegu kila mwaka. Mwenye vitunguu vya mafungu hamtegemei. Pili, kitunguu huanza kuvimba pale urefu wa mchana unapofikia kiasi kiifaacho aina yake. Aina nyingi za Ulaya ya kaskazini hungoja mchana wa zaidi ya saa 14. Dodoma, mchana wa Desemba na mchana wa Juni haupitani hata kwa saa moja, na nyakati zote hukaa karibu na saa 12. Mwalimu atakayeletewa vitunguu vya mbegu na rafiki yake kutoka huko atavuna majani.

Wanaoishi navyo mahali pagumu

Mwanachuo asidhani kwamba twayasema haya kwa kubuni. Katika pwani ya kusini-mashariki ya Ghana upo ukanda mwembamba wa mchanga ulio kati ya bahari ya Atlantiki na ziwa la maji ya chumvi la Keta. Hapo wanaishi Waanlo, ambao ni sehemu ya Waewe. Mvua zao ni chache kuliko za sehemu nyingi za pwani ya nchi hiyo, udongo wao ni mchanga, na chumvi iko pande zote mbili. Hata hivyo katika mji wa Anloga na vijiji vilivyouzunguka, vitunguu vya mafungu vimelimwa kwa vizazi kadhaa, katika matuta madogo yaliyobanana. Mchanga huo umelishwa samadi ya ng'ombe, mavi ya popo na mabaki ya samaki hata ukawa udongo wa kutengenezwa na mikono ya watu. Maji walizoea kuyachota katika visima vifupi vilivyochimbwa katikati ya matuta, wakamwagilia kwa mkono.

Mwanafunzi mwerevu atauliza mara moja: maji matamu yametoka wapi, ikiwa chumvi iko kulia na kushoto? Jibu ni kwamba maji ya mvua ni mepesi kuliko maji ya chumvi, basi yazamapo mchangani huelea juu yake. Ukiyachota kwa kiasi, hukaa. Ukiyavuta kupita kiasi, kwa mfano kwa pampu nyingi, maji ya chumvi hupanda kutoka chini na kukiharibu kisima, na kitunguu ni mmea usioipenda chumvi. Jambo hili lafaa kipindi kizima cha Darasa la Sita, na zana zake hazina gharama: gilasi, maji ya chumvi yaliyotiwa rangi, na maji matamu yanayomiminwa polepole sana juu yake kwa kijiko.

Nchini Mali, katika uwanda wa mawe wa Bandiagara, Wadogoni wana taabu ya namna nyingine. Kwao mvua hunyesha kwa miezi michache tu, na pengine udongo wenyewe haupo. Wao huubeba udongo na kuumwaga juu ya mwamba, wakauzungushia mawe madogo ili usichukuliwe, kisha humwagilia kwa vibuyu maji yaliyozuiwa na mabwawa madogo. Mavuno mengine huyatwanga, wakayafinyanga madonge na kuyakausha juani yapate kukaa na kusafirishwa. Na mbali kabisa, nchini Finland, wakulima walivitunza vitunguu vya jamii hiihii kwa kupanda na kuvuna nyumba kwa nyumba, kwa sababu kiangazi chao ni kifupi mno kwa kitunguu cha mbegu. Huko adui ni baridi na hapa kwetu adui ni ukame, lakini shida ni ileile: msimu ni mfupi.

Tumewataja hawa kwa shabaha moja. Waanlo huinua matuta yao kwa sababu maji ya chini yako karibu. Wadogoni huyazungushia kuta kwa sababu maji na udongo vyote hukimbia. Hakuna aliyeiga umbo la tuta la mwenzake. Basi mwalimu anayesoma katika kitabu kwamba vitunguu hupandwa kwenye matuta yaliyoinuliwa, akayainua katikati ya Julai juu ya udongo mkavu wa Ugogo, amekisoma kitabu vibaya.

Kosa letu

Mara ya kwanza tulipolijaribu zao hili tuliaibika, na ni afadhali tuseme. Tulinunua sokoni debe la vitunguu vidogo vya zambarau, tukahakikishiwa na mwuzaji kwamba ndivyo vizaavyo mafungu. Wanachuo walivipanda 200, wakavimwagilia kwa zamu, wakaandika daftari zuri. Baada ya wiki kumi vingi vilikuwa vimetoa kitunguu kimoja kinene au viwili vilivyobanana, na visivyo vichache vilikuwa vimesimamisha mabua ya maua yenye uwazi ndani. Tulikuwa tumepanda vitunguu maji vya kawaida, vilivyobaki vidogo kwa sababu ya kusongana shambani. Mwuzaji hatumlaumu sana. Yeye aliuza vitunguu vya mchuzi. Sisi ndio tuliokuwa na visu.

Maana kujua ni rahisi. Kata kitunguu katikati kwa upana, si kwa urefu, utazame sehemu iliyokatwa. Kitunguu maji aghalabu huonyesha kiini kimoja, mara nyingine viwili. Kitunguu cha mafungu huonyesha viini viwili, vitatu au zaidi, kila kimoja kikiwa kimezungukwa na magamba yake kama vyumba vya watoto ndani ya nyumba ya mama. Kata vitano, si kimoja, kwa kuwa kitunguu kidogo sana cha mafungu chaweza kuwa na kiini kimoja tu. Tena vitazame ubavuni: vilivyotoka katika fungu mara nyingi vina upande ulio bapa, mahali palipogusana na ndugu yake. Kisha, kabla ya kununua, mtafute aliyevipanda mwaka uliotangulia umwombe akueleze alivuna nini.

Kosa hilo ndilo lililotupa somo la kwanza, na tangu hapo tumelianza hivyo kila mwaka.

Somo la kukata na kuhesabu

Darasa ni la Tano, muda ni kipindi kimoja cha dakika 40. Shabaha ya somo ni kwamba mwanafunzi aweze kutabiri, kwa kuangalia kiini, idadi ya vitunguu vitakavyotokana na kimoja. Zana ni vitunguu vitano vya mafungu, kitunguu maji kimoja, na kisu kinachobaki mkononi mwa mwalimu. Ubaoni pasiandikwe kitu mpaka dakika ya ishirini.

Twaliweka sharti hilo la ubao kwa sababu ya jambo tuliloliona. Mwanachuo wetu mmoja, kijana mwenye mwandiko mzuri, aliingia darasani akaandika maana ya uzazi usio wa mbegu kwa mistari minne. Wanafunzi walinakili kwa utulivu. Ndipo akakata kitunguu, akawaonyesha walioketi mbele, akauliza kama wameelewa. Walijibu kwa pamoja kwamba wameelewa. Baada ya kipindi tulimwomba kila mtoto achore alichokiona ndani ya kitunguu. Wengi walichora kitunguu kwa nje.

Siku iliyofuata alilirudia somo katika mkondo mwingine. Safari hii alikata vitunguu vyote sita bila kusema ni vipi, akavigawa kwa vikundi, akawaambia wachore wanachokiona na kuhesabu. Vikundi vilipotofautiana kwa hesabu, walianza kubishana, naye akawaachia. Kisha akauliza: "Nikikipanda kama hiki, nitavuna vingapi?" Kila kikundi kiliandika utabiri wake katika daftari pamoja na tarehe, ili ufunguliwe siku ya mavuno. Utabiri ulioandikwa na mtoto wa miaka kumi na mmoja una nguvu ya ajabu: atakwenda kulitazama tuta hata siku za Jumapili.

Karibu na mwisho wa kipindi msichana mmoja aliyekuwa kimya alinyosha mkono. "Mwalimu," akasema, "kama mbegu yake ndiyo tunayoila, tukiwa na njaa tutapanda nini?"

Mwanachuo alitutazama sisi tuliokuwa tumeketi nyuma. Sisi tulitazama madaftari yetu.

Hesabu ya mbegu

Swali la yule msichana ndilo kiini cha zao hili. Mwenye kulima kitunguu maji aweza kula na kuuza vyote, mwakani akanunua mbegu ya kopo. Mwenye vitunguu vya mafungu akila vyote amelila shamba lake. Mimea mingine ina tabia hiyo pia, kama viazi mviringo na vitunguu saumu, na hata mtama na uwele mkulima huweka mbegu yake mwenyewe. Lakini punje za mtama za kupandia shamba ni chache ukizilinganisha na mavuno. Hapa mbegu ni fungu kubwa la chakula, lenye harufu, liliomo jikoni.

Usilijibu swali kwa maneno. Lijibu kwa hesabu, na uwaachie wanafunzi waikamilishe. Tarakimu zifuatazo ni za kujifunzia. Kila shule itaweka zake baada ya mavuno ya kwanza.

Kalenda yetu ina misimu miwili. Tuta la mvua hupandwa katikati ya Februari na huvunwa mwanzoni mwa Mei, mvua zikiwa zimekwisha, kabla ya likizo ya Juni. Jambo hili la likizo si dogo: bustani nyingi za shule hazikufa kwa ukame, zilikufa kwa likizo. Lakini kutoka Mei hadi Februari ni miezi tisa, na kitunguu hakiwezi kungoja miezi tisa bila vingi kuoza, kukauka au kuchipua. Kwa hiyo Julai, baada ya mbegu kupumzika kama miezi miwili, hupandwa tuta la pili, dogo, ambalo kazi yake ni kuifufua mbegu tu. Hilo huvunwa mwishoni mwa Septemba au Oktoba, na kutoka hapo hadi Februari ni miezi minne hivi, ambayo kitunguu kilichokaushwa vizuri hukivumilia.

Sasa hesabu. Februari tumepanda 120. Kila kimoja kikatoa vitano, Mei tunavuna 600. Twaweka 60. Katika kuhifadhiwa, moja ya tano huharibika, hivyo Julai twapanda 48. Kila kimoja kikatoa vinne, twavuna 192. Robo yake ikaharibika kabla ya Februari, wamebaki 144. Twapanda 120 na 24 ni vya akiba au vya jirani. Basi katika mwaka mwema tumeweka 60 kati ya 600, yaani moja ya kumi tu, na 540 ni vya kula.

Hapo waambie wanafunzi kwamba mvua zimekatika mapema. Kila kimoja kimetoa viwili tu, na mavuno ni 240. Tutaweka vingapi? Wengi watasema 24, kwa kuwa wameshika moja ya kumi. Waache wapande hivyo 24 ubaoni na kuifuata hesabu mpaka Februari: vitabaki 19, vitatoa 76, vitabaki 57. Tuta limepungua zaidi ya nusu. Hesabu haibembelezi, lazima viwekwe 60 vilevile, ambavyo sasa ni robo ya mavuno. Kisha uliza swali la mwisho: mwaka ukiwa mbaya kabisa, tukavuna nusu ya tulivyopanda, yaani 60? Hapo hakuna cha kula. Fungu la mbegu hukua pale chakula kinapopungua, na ndiyo maana ni vigumu kulitunza. Mtoto anayeliona hilo kwa tarakimu zake mwenyewe amefahamu jambo ambalo wazazi wake huenda walilipitia bila kalamu.

Tulipofika hapo tulimwalika bibi mmoja wa kijiji aje darasani. Hakujua vitunguu vya mafungu, nasi hatukumwita kwa ajili hiyo. Tulimwita aeleze mbegu ya mtama ilivyotunzwa. Watoto walimwamkia, "Shikamoo, bibi," naye akaketi, akawaeleza namna masuke ya mbegu yalivyochaguliwa yakiwa bado shambani, yakaning'inizwa juu ya meko yapate moshi, na namna ambavyo hakuna aliyeruhusiwa kuyagusa ila mama mwenye nyumba. Mtoto mmoja akamwuliza kama hawakuyala hata siku ya njaa. Alinyamaza kidogo. Kisha akasema kwamba wazee wake walisimulia habari za Mtunya, njaa iliyoikumba Ugogo kati ya mwaka 1917 na 1920, baada ya majeshi ya vita kuchukua nafaka, mifugo na wanaume; na kwamba mwaka ule wako waliokula mbegu, na mvua iliporudi hawakuwa na cha kutia ardhini. Darasa lilikuwa kimya. Mwanachuo, kwa busara, hakuongeza neno. Aligonga kengele ya mapumziko.

Twawaonya wenzetu wasiligeuze somo hili kuwa hotuba ya kuwalaumu wenye njaa. Darasani mnao watoto ambao nyumbani kwao mbegu imeliwa mwaka huuhuu. Hesabu na iseme, mwalimu anyamaze.

Kupanda na kutunza

Mambo haya twayapitia upesi kwa kuwa mengi yanajulikana. Tuta la mbegu la Julai lina upana wa mita moja na urefu wa mita moja na nusu. Mistari mitano, yenye nafasi ya sentimita 20 kati yake, na katika kila mstari vitunguu kumi kwa sentimita 15: jumla 50, nasi tunavyo 48. Tuta hili lizame chini kidogo kuliko ardhi iliyolizunguka ili maji yasikimbie. Tuta la Februari, kinyume chake, liinuke kidogo, kwa kuwa mvua ya dhoruba ikituama siku mbili kitako huoza. Samadi iwe iliyoiva kabisa, isiyo na harufu wala joto. Kitunguu kipandwe kitako kikiwa chini, ncha ikifunikwa kwa udongo mwembamba tu. Watoto wakiachwa bila kuangaliwa huvizika kama mahindi.

Mizizi ya kitunguu ni mifupi, haiendi mbali chini. Kwa hiyo maji kidogo mara kwa mara ni bora kuliko mengi kwa wiki mara moja. Kwa jua la kiangazi tuta letu dogo huhitaji kama lita saba au nane kwa siku, yaani chini ya nusu ya ndoo ya lita 20. Hayo ni maji ya suuza ya mikono na vyombo, yasiyo na sabuni, ambayo katika shule nyingi humwagwa uani. Kama maji ya kisima cha shule yana ladha ya chumvi, au yakikauka huacha ukoko mweupe, jaribu kwanza kwa vitunguu vitano. Tandaza nyasi kavu katikati ya mistari, uziondoe vitunguu vinapoanza kukomaa. Majani yakianza kulala, acha kumwagilia. Baada ya siku kumi hadi kumi na nne ng'oa.

Likizo ya Juni halina tuta hili ardhini, nasi tulipanga hivyo kwa makusudi. Likizo fupi ya katikati, kama ipo, igawiwe kwa zamu kwa watoto wanaoishi karibu, na zamu hizo ziandikwe.

Fungu la mbegu lichaguliwe siku ya kuvuna, kabla ya kugawa chochote. Hapa walimu wengi hukosea kwa kuweka vile vikubwa kabisa. Kikubwa huzaa vingi vidogovidogo, kidogo huzaa vichache vinene. Basi weka vya kadiri, vyenye ukubwa mmoja, vigumu, visivyo na jeraha, na vilivyotoka katika mafungu yenye afya. Hili la afya si la mapambo. Kwa kuwa zao hili halipiti katika mbegu ya ua, ugonjwa wa mwaka huu, hasa wa virusi na wa kuoza kitako, hupandwa tena mwakani kwa mikono yetu. Mmea uliodumaa au wenye majani ya michirizi ya manjano uliwe mapema, usiwekwe. Tuta lihamishwe mahali pengine kila msimu.

Vikaushwe kivulini penye upepo kwa wiki moja au mbili, majani yasikatwe, kisha yasukwe kamba na kuning'inizwa. Ghala la vitabu halifai, kwa kuwa halina hewa. Na mtoto asishangae akipanda kimoja siku ya kuvuna kisichipue: kitunguu kipya hulala kwanza majuma kadhaa. Huko Indonesia wakulima hukata ncha ya kitunguu cha mbegu, kama theluthi hivi ya juu, ili kiamke upesi. Jaribio hilo ni zuri kwa Darasa la Sita: vitano vilivyokatwa, vitano vizima, tuta moja.

Makabidhiano

Mazoezi ya kufundisha hayadumu muda wa kutosha kuona kupanda na kuvuna pamoja. Mwanachuo aliyepanda Februari hatakuwapo Mei. Kwa hiyo, juma la mwisho, atenge kipindi cha makabidhiano. Daftari la tuta, lenye utabiri wa kila kikundi, michoro, siku za mvua na zamu za maji, akabidhiwe mwalimu wa darasa mbele ya wanafunzi. Wanafunzi wachague wenzao wawili watakaohesabu fungu la mbegu siku ya mavuno na kutia sahihi. Katika shule moja walimchagua yule msichana aliyeuliza swali, na mvulana aliyekuwa amesema 24. Nakala ya hesabu iletwe chuoni, iwekwe katika jalada la shule hiyo, ili mwanachuo atakayefuata ajue kabla ya kufika ni vitunguu vingapi vinavyoning'inia, na juu ya meko ya nani.